Uwanja wa Ndege wa Barra: Ratiba Iliyo Mikononi mwa Bahari

Mara mbili kwa siku, njia zote tatu za kurukia za uwanja huu huzama baharini. Si mafuriko wala hitilafu. Ndivyo uwanja wa Barra ulivyo tangu ulipofunguliwa mwaka 1936. Ndege zinatua juu ya mchanga wa Tràigh Mhòr, jina la Kigaeli lenye maana ya "ufuo mkubwa", upande wa kaskazini wa kisiwa cha Barra, katika Visiwa vya Hebrides vya Nje, magharibi ya Uskoti. Maji yakipwa, uwanja upo. Yakijaa, pana ghuba tu.

Picha za ndege ikirusha maji ya chumvi zimewafanya wengi waamini kwamba hapa ni mahali pa maonyesho. Si kweli. Kisiwa kina wakazi wapatao 1,200, na uwanja huu ndio unaowafikisha hospitali za Glasgow, mazishini, vyuoni na kazini. Tathmini hii inaupima kwa kipimo hicho: je, unamfikisha mtu anakokwenda, na ukishindwa, unashindwa kwa sababu gani?

Maji kwanza, saa baadaye

Msomaji aliyeizoea pwani tayari ana maneno yote ya kuielewa ratiba ya hapa. Bahari ya Barra hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kungine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku maji makavu, yaani maji yaliyopwa, hufika kama dakika 50 baada ya saa yaliyofika jana. Kwa wiki moja tofauti hiyo inakaribia saa sita: ikiwa Jumatatu hii ufuo ulikuwa mkavu adhuhuri, Jumatatu ijayo adhuhuri utakuwa umefunikwa. Ndiyo maana saa za ndege za Barra hubadilika siku hadi siku. Asije mtu akakariri saa aliyosafiri mwezi uliopita akadhani itamfaa tena. Shirika la ndege huchapisha ratiba mapema, likiwa limeshaipanga kwa kufuata majedwali ya maji, na tarehe unayosafiri ndiyo ya kutazama, si siku ya wiki.

Kuna jambo la pili ambalo wageni wachache hulifikiria. Katika pwani hizi bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huleta maji makavu karibu na katikati ya mchana. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, hufanya kinyume: kujaa ndiko kunakoangukia mchana, na ufuo hufunuka asubuhi na jioni. Wakati wa kiangazi hilo si tatizo kubwa, kwa sababu mwanga ni mwingi. Desemba ni habari nyingine. Katika latitudo ya digrii 57 mchana wa mwezi huo una urefu wa saa 7 hivi tu, na njia za mchangani hazina taa za kudumu. Hapo ufuo ulio wazi na mwanga wa jua hupishana, na nafasi ya ndege kuingia na kutoka hubanwa pande zote mbili.

Hapa ndipo kuchelewa kwa Barra kunapotofautiana na kuchelewa kwa viwanja vingine. Kwingine ndege ikichelewa saa mbili, abiria hufika saa mbili baadaye. Barra ndege ikichelewa saa mbili huenda ikakuta njia imekwenda na maji, na safari ikahamia kesho. Mwenye miadi isiyosogezeka majira ya baridi afanye hivi: atazame kalenda ya mwezi, achague siku zilizo karibu na bamvua, achukue ndege ya siku moja kabla. Siku hizo maji makavu yanakuwa katikati ya mwanga, na ndege ikichelewa bado kuna nafasi pande zote mbili.

Mchanga unabebaje ndege

Njia ni tatu na zimekatana kwa umbo la pembetatu. Ile ya 07/25 ina mita 799, ya 11/29 ina mita 680, na ya 15/33, iliyo ndefu kuliko zote, ina mita 846. Namba hizo ni mwelekeo wa dira ukiondolewa sifuri ya mwisho: 07 ni digrii 70, na upande wa pili, 25, ni digrii 250. Njia tatu zina maana ya pande sita za kutua, na hiyo ndiyo akili ya mahali hapa. Bahari ya Atlantiki haichoki kuvuma, na ndege ndogo huchukia upepo wa ubavuni kuliko upepo mkali wa usoni. Kwa pande sita, rubani karibu kila mara hupata moja inayomkabilisha na upepo. Miisho ya njia imewekewa nguzo za mbao zinazobaki palepale maji yakija na yakiondoka. Zaidi ya hizo hakuna mistari wala rangi. Bahari ingeifuta siku hiyohiyo.

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini magurudumu hayazami. Jibu liko kwenye kiasi cha maji. Mchanga mkavu hauna kinachoshika punje, na gurudumu huchimba ndani yake. Mchanga uliojaa maji hadi juu nao hulegea, kwa kuwa punje huelea. Kati ya hali hizo mbili kuna mchanga wenye unyevu, ambao maji machache yaliyobaki huvuta punje zishikane, na hapo ufuo unakuwa mgumu kama sakafu. Tràigh Mhòr ni pana, inateremka polepole sana, na mchanga wake umechanganyika na vipande vya magamba ya kombe, ambao wenyeji huwachimba na kuwala tangu zamani. Mchanganyiko huo hushikamana vizuri.

Hata hivyo ufuo haurudi vilevile kila mara. Wimbi linaacha vijimatuta vya mchanga, vidimbwi, mwani, pengine gogo au kipande cha wavu. Kwa hiyo kabla ndege haijaingia, wafanyakazi wa uwanja huendesha gari juu ya njia itakayotumika na kuangalia mambo manne: mahali palipolegea, takataka, kina cha maji yaliyotuama, na vijimatuta. Maji yaliyotuama ndiyo yanayosumbua zaidi wakati wa kuruka. Hukaba magurudumu kama breki, ndege inachukua mita nyingi zaidi kupata kasi, na matone ya chumvi hupigwa juu kwenye propela na tumbo la ndege. Wakati wa kutua maji hayohayo husaidia kupunguza mwendo, lakini yakiwa upande mmoja tu wa njia huvuta ndege kuelekea upande huo.

Mnara wa hapa hautoi amri kama minara ya viwanja vikubwa. Unatoa taarifa za ndege: upepo unavuma kutoka wapi na kwa kasi gani, hali ya mchanga ikoje, nani mwingine yuko hewani. Uamuzi wa kutua ni wa rubani. Kwa abiria maana yake ni kwamba neno la mwisho kuhusu safari yako huenda likatolewa ndege ikiwa tayari iko juu ya kisiwa.

Miaka tisini kwa ufupi

Miaka ya 1930, miongoni mwa ndege zilizokuja Barra zilikuwamo za kampuni ya de Havilland zenye mabawa mawili ya kupandana, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa, zisizohitaji njia ndefu. Kisiwa chenye vilima na mawe hakikuwa na uwanda mwingine wa kuzipokea bila gharama kubwa. Ufuo ulikuwa tayari, bure, na umesawazishwa na bahari. Mwaka 1947 safari za ndani za Uskoti zilichukuliwa na British European Airways, ambayo mwaka 1955 ilianza kutumia ndege ya Heron ya injini nne. Tangu miaka ya 1970 Loganair, shirika la ndege la Uskoti, ndiyo inayohusishwa na njia hii.

Uwanja wenyewe unasimamiwa na Highlands and Islands Airports Limited, kampuni ya umma yenye viwanja 11, iliyo chini ya serikali ya Uskoti. Njia ya Glasgow hadi Barra inaendeshwa kwa mkataba wa huduma ya umma: serikali huziba pengo kati ya nauli na gharama. Bila mkataba huo hesabu ya biashara isingekubali, kwa sababu viti ni 19 tu na chumvi hula chuma kila siku. Anayelalamika kwamba nauli ni kubwa kwa safari ya saa moja na ushei ana haki ya kulalamika, lakini ajue pia kwamba hata hiyo haitoshi kulipia safari nzima.

Ndege yenyewe

Ni DHC-6 Twin Otter, muundo wa Kanada ulioruka mara ya kwanza mwaka 1965. Toleo la 400 lilianza kazi hapa mwaka 2015, likichukua nafasi ya ndege za toleo la zamani. Sababu za kuichagua ni tatu. Flapu zake, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili kuongeza nguvu ya kuinua, zimechukua karibu urefu wote wa bawa, hivyo inaruka na kutua kwa mwendo mdogo na umbali mfupi. Magurudumu hayakunjwi, kwa hiyo hakuna mitambo ya kukunja inayoingiwa mchanga. Bawa liko juu, na injini zake mbili za PT6 ziko mbali zaidi na matone. Ndege za kisasa zaidi zipo, zenye starehe zaidi pia, lakini ni chache mno zinazoweza kupewa mita 680 za mchanga wenye maji kila siku.

Kwa abiria, ubora huo una bei yake. Kibanda cha abiria hakina mgandamizo wa hewa, hivyo ndege haipandi juu sana na hupita ndani ya mawingu badala ya juu yake. Itatikisika. Mwenye mafua makali atasikia maumivu ya masikio wakati wa kushuka. Pipi ya kutafuna husaidia, na kusubiri upone husaidia zaidi. Hakuna choo, kwa hiyo malizia haja zako Glasgow. Hakuna makabati juu ya viti: begi la mkononi liwe dogo la kuingia chini ya kiti, la sivyo litachukuliwa na kuwekwa na mizigo. Injini zina kelele, na vizibo vya masikio ni kitu cha maana kuliko vipokea sauti vya bei kubwa.

Mzigo ndiyo sehemu wanayokwama wengi. Kiasi unachoruhusiwa kwenye ndege hii kinaweza kuwa kidogo kuliko kwenye ndege kubwa uliyounganisha nayo, kwa hiyo soma tiketi ya kipande hiki cha mwisho, si ya safari ya kwanza. Ndege ya ukubwa huu hupimwa uzito wote: abiria, mizigo, barua, mafuta. Siku ya hali mbaya ya hewa rubani hubeba mafuta zaidi ili aweze kufika uwanja mbadala, na kilo hizo hutoka mahali fulani. Dawa, hati na nguo za usiku mmoja viwe kwenye begi la mkononi. Pengine pia utaombwa ubadilishe kiti. Ni kwa ajili ya kusawazisha uzito, na anayebisha anachelewesha ndege ambayo bahari haiisubiri.

Faida moja haina ubishi. Kwa kuwa bawa liko juu, madirisha yote yanaona chini. Kukiwa na anga safi, mnyororo wa visiwa vya magharibi unapita chini yako kwa utulivu, na dakika za mwisho, maji yakiwa ya kijani juu ya mchanga mweupe, ni nzuri kuliko kitu chochote kinachouzwa ndani ya jengo la abiria popote.

Jengo na huduma

Jengo ni dogo, na halijaribu kuwa zaidi ya hapo. Kuna kaunta, ukumbi wa kusubiri, vyoo na mkahawa. Mkahawa unastahili sifa: wenyeji huja hata wasiposafiri, jambo ambalo halisemwi kuhusu mikahawa mingi ya viwanja vya ndege. Mizigo inapokelewa nje, chini ya kibanda kinachofanana na kituo cha basi. Ndege husimama karibu, abiria wanatembea kwa miguu, mabegi yanafuata, na kwa kawaida kila mtu ameshapata lake kabla hajamaliza kuvaa koti. Huduma ya mizigo ya haraka kuliko hiyo ni adimu. Vaa viatu vinavyovumilia maji na uwe na koti la mvua mkononi, si ndani ya begi kubwa.

Udhaifu upo. Ndege ikichelewa na abiria wanaofika wakakutana na wanaoondoka pamoja na watalii waliokuja kutazama, ukumbi hujaa na kiti cha mkahawani hakipatikani. Na kwa viti 19, msimu wa kiangazi nafasi huisha mapema sana. Kununua tiketi wiki ya mwisho ni kubahatisha.

Kutoka uwanjani hadi Castlebay, mji mkuu wa kisiwa, ni zaidi ya kilomita 10. Basi la W32 linaunganisha uwanja, Castlebay na gati la feri la Ardmhòr. Soma ratiba yake siku hiyohiyo unayosoma ya ndege, na kama ndege yako inafika jioni panga teksi au gari la kukodi kabla hujaondoka Glasgow; ukifika ndipo uanze kutafuta, huenda usipate. Barabara ni za gari moja zenye vipenyo vya kupishana. Gari la nyuma likiwa na haraka, ingia kwenye kipenyo lipite.

Inaposhindikana

Adui mkubwa ni ukungu na mawingu ya chini, kuliko upepo. Rubani anahitaji kuuona ufuo. Mpango wa akiba uutengeneze kabla ya safari, ukijua kwamba ndege na feri hushindwa kwa hali tofauti. Feri ya Oban hadi Castlebay huchukua karibu saa 5, na treni ya Glasgow hadi Oban huongeza kama saa 3, kwa hiyo ni safari ya siku nzima. Lakini ukungu mtulivu hauizuii feri. Mawimbi makubwa na dhoruba ndiyo huizuia. Siku ya ukungu bila upepo, feri ndiyo tumaini. Siku ya bahari iliyochafuka lakini anga wazi, tumaini ni ndege. Dhoruba yenye mawingu hufunga vyote viwili, na hapo ni kutulia mahali ulipo.

Ndege ikielekezwa Benbecula, kisiwa kilicho kaskazini, usikate tamaa. Kuanzia hapo kuna barabara za juu ya bahari zinazounganisha visiwa kupitia South Uist hadi Eriskay, na kutoka Eriskay feri ya dakika 40 inavuka hadi Ardmhòr, kilomita chache tu kutoka uwanjani. Uliza kama shirika limepanga usafiri huo kabla hujatoa pesa yako mwenyewe, na tunza risiti zote.

Anayeunganisha na ndege nyingine Glasgow asipange kuunganisha kwa saa mbili. Lala Glasgow. Gharama ya chumba ni ndogo kuliko gharama ya tiketi ya masafa marefu iliyopotea.

Kwa watazamaji na marubani wa ndege binafsi

Ufuo ni wa umma, na watu hutembea na kuchimba kombe pale. Sheria ni moja: mfuko wa upepo, ule wa nguoni unaoonyesha upepo unakotoka, ukiwa umepandishwa, uwanja unafanya kazi na mchangani hapaendwi, wewe, mtoto wala mbwa. Simama nje ya uzio karibu na jengo, nusu saa kabla ya ndege kuingia. Ikiondoka, rudi nyuma zaidi. Propela hutawanya mchanga wenye chumvi, na lenzi ya kamera haitausahau.

Rubani mgeni anatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuja, na anaombwa afike na jedwali la maji, si saa tu. Tua mahali palipokaguliwa, usikate kona kupitia mchanga unaoonekana mzuri, na usisimame kwenye mchanga uliolegea kwa sababu kuanza tena kusogea ndiko kunakozamisha gurudumu. Siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakauka, osha ndege kwa maji baridi yasiyo na chumvi: magurudumu, breki, bawaba za flapu, tumbo na propela. Kutu huanza kwenye maungio ambayo jicho halifiki.

Usiku hakuna safari za ratiba. Ila mgonjwa akizidiwa na ndege ikahitajika, vibanzi vinavyoakisi mwanga hutandikwa mchangani, magari hupangwa na taa zao kuwashwa kuelekea njia, na ndege hushuka kwenye mwanga huo, maji yakiwa bado mbali.